Biti Mchopa Hakuulizwa

Nilipoandika mchezo wa Biti Mchopa nilikuwa na uhakika wa mambo mawili: kwamba alikuwa mtu wa kweli, na kwamba alishakufa. La kwanza nilipatia.

Mimi ni Marietha, fundi cherehani wa Nambambo, Nachingwea. Nashona sare za shule ili nile, na naandika michezo ya kuigiza ili nisigombane na watu bure, maana ulimi wangu ni mkali na kwenye mchezo unaweza kumtukana mtu akakupigia makofi. Nina kikundi changu. Tunafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule jioni, wakati wale wa mpira wamekwenda Marambo kwenye mechi.

Habari ya Biti Mchopa huku kwetu anaijua kila mtu. Enzi za Mpango wa Karanga, Wazungu walipoleta matrekta Nachingwea kung'oa pori ili walime karanga, yalifika kwenye shamba la mama mmoja wa Kiyao. Mtama wake ulikuwa umeshaiva. Yule mama hakupiga kelele wala hakukimbilia kwa jumbe. Alibeba kinu chake kichwani, akakipindua katikati ya shamba, akakikalia. Trekta likaja mpaka karibu yake, likasimama, likanguruma, halafu likazunguka. Mwaka ule mtama wa Biti Mchopa ulisimama peke yake katikati ya karanga za Wazungu, na ndege wakamlia yeye tu.

Jambo ambalo si kila mtu analijua ni kwamba dereva wa trekta lile alikuwa babu yangu. Babu Ildefonsi, Mmakonde aliyevuka Ruvuma kutafuta kazi. Alinisimulia mwenyewe nikiwa mdogo, na kila mara nikimwuliza kwa nini alizunguka, alinijibu kwa sauti ileile: "Nilimpenda palepale." Bibi yangu mzaa baba alikuwa anakaa pembeni anachekecha unga. Anasonya, anaendelea kuchekecha. Babu alifokewa na Mzungu wake, nusura afukuzwe kazi, na mpaka anazeeka hakuwa na jambo jingine la kujivunia. Lilikuwa hilo moja tu.

Kwa hiyo niliandika. Onyesho la kwanza, Wazungu wanafika. La pili, kinu na trekta, na dereva anashuka kumwambia Biti Mchopa kilichomo moyoni. La tatu wanakutana kisimani, wanashikana mikono, wanaagana kwa machozi. Hilo la kisimani nililitunga mwenyewe. Babu hakuwahi kulisema, ila mimi niliona haya kumwacha na mapenzi yasiyokwenda popote. Mchezo ukachaguliwa kwenda kuonyeshwa Ruangwa mjini, kwenye tamasha la baada ya mavuno ya ufuta. Nilitembea kijijini shingo juu kama nimechaguliwa mbunge.

Jioni moja tuko kwenye mazoezi, Shakila amekaa juu ya kinu. Shakila ni msusi, ana sura nzuri na sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya bonde, ndiyo maana nilimpa nafasi ya Biti Mchopa. Ikaja bodaboda, ikasimama kando ya goli. Akashuka mzee wa kofia, kisha akampa mkono mwanamke aliyekuwa nyuma yake ashuke, kwa adabu kubwa, kama anavyoshikwa mama mzazi. Nikashangaa. Mwanamke mwenyewe alikuwa wa umri wangu, hana hata mvi.

"Mwenye mchezo ni nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mimi ndiye Biti Mchopa."

Shakila alicheka mpaka akateleza kwenye kinu. Mimi nikacheka. Wenzangu wote wakacheka. Mzee wa kofia hakucheka, na yule mwanamke alitungoja tumalize, kama mwalimu anavyongoja darasa.

"Umeniweka kwenye mchezo," akasema, "na hukuniuliza."

"Bibi... dada... mimi nilidhani..."

"Ulidhani nimekufa."

"Ndiyo."

"Nilikufa kweli. Nikarithiwa. Nipo."

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Hata kwetu Wamakonde majina yanarithiwa, ila kwetu mtoto akipewa jina la babu yake bado anachapwa akikosea. Kwenye ukoo wa Biti Mchopa jambo hili ni zito. Anapokufa mwenye jina kubwa, ukoo unakutana, unamteua mmoja wa wajukuu wa upande wa kike, unammwagia unga kichwani na kumwambia: tangu leo wewe ndiye yeye. Hachukui jina peke yake. Anachukua heshima za yule marehemu, watoto wake, ugomvi wake na maneno yake. Huyu alizaliwa anaitwa Sabaha, na yule mzee, Mahamudu, kwa damu ni mjomba wake. Lakini Mzee Mahamudu alizaliwa na Biti Mchopa wa kwanza. Basi kila asubuhi mzee wa miaka sabini na kitu anamwamkia mwanamke huyu shikamoo mama, naye anaitika marahaba bila aibu.

"Kwenye kinu nilikaa, sikatai," akaendelea. "Mtama ulikuwa wangu, na kinu changu. Lakini mimi na dereva tulikwenda kisimani lini?"

Nikaanza kukunja karatasi ya maneno.

"Nakuuliza, fundi. Lini?"

"Ni mchezo tu, Bibi."

"Mchezo? Wanunuzi wa ufuta waliopita hapa na kuwaona wamekuja na habari zake mnadani kwetu Nandagala. Wanasema Biti Mchopa ana mtu wake Nachingwea, dereva, wanashikana mikono kisimani. Sasa Biti Mchopa mwingine yuko wapi? Mume wangu amehama nyumba. Amekwenda kulala kwenye dungu la shamba, ati analinda ngedere. Ufuta tumeshavuna! Analinda mabua!"

Shakila akaanza kucheka tena, nikamkata jicho. Ningekuwa mtu wa busara ningeomba radhi palepale. Lakini nilishawaambia kuhusu ulimi wangu.

"Babu yangu alinieleza kwa kinywa chake kwamba alikupenda," nikasema. "Alikuwa dereva, hakuwa mwongo."

"Na mimi nakueleza kwa kinywa changu kwamba mimi ni mke wa Ismaily. Toa mapenzi, au toa jina langu."

Akarudi kwenye bodaboda. Mzee Mahamudu alibaki nyuma kidogo, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, maneno ya ukoo hayasemewi kwenye goli la mpira. Ukitaka kuongea na mama, njoo nyumbani Nandagala na kuku."

Siku hizo sikushona vizuri. Niliunga mkono wa shati la mtoto wa watu kwenye kola. Kutoa jina nilijua ni kuua mchezo, maana nani wa Ruangwa angekuja kumwangalia mama fulani tu aliyekaa kwenye kinu? Kutoa mapenzi ilikuwa ni kumwambia babu yangu kwamba kile kitu chake kimoja hakikuwepo. Mwisho nilinunua jogoo, nikapanda gari la Ruangwa, nikafika Nandagala jogoo amenichafua sketi.

Walinipokea vizuri kupita nilivyostahili. Jogoo akachukuliwa, mkeka ukatandikwa, nikala kwanza. Kisha Ismaily akaitwa kutoka shambani. Alikuja mtu mrefu, mkimya, ana mabua kwenye nywele, akakaa kwenye kona ya mkeka akatugeuzia mgongo. Mkewe naye akageukia upande mwingine. Mzee Mahamudu akakaa katikati yao, na mimi nikabaki kuongea na migongo miwili.

Nikaomba radhi kuhusu kisima. Nikasema wazi kwamba kisima ni uongo wangu, nimekitoa, hakimo tena. Lakini la shambani, nikasema, siwezi kulitoa. Babu alizunguka, na mtu hazungushi trekta la Mzungu bila sababu. Hiyo sababu ndiyo aliyonipa.

"Kumpenda mtu si kosa lake aliyependwa," nikamalizia. "Bibi hakujibu kitu. Alikaa tu kwenye kinu."

"Unaona?" Biti Mchopa akamwambia mumewe bila kugeuka. "Sikujibu."

Ismaily akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake. "Huyo atakayesema hayo maneno mbele za watu ni nani?"

"Silvanus," nikasema. "Kijana mzuri, anauza vocha pale stendi."

"Anamwangalia Biti Mchopa machoni?"

"Lazima amwangalie, shemeji. Ni mchezo."

Akafikiri sana. Mzee Mahamudu alimaliza kikombe cha chai na kumimina kingine.

"Hapana," Ismaily akasema. "Kama yuko mtu wa kushuka kwenye trekta akamwambia Biti Mchopa anampenda, mtu huyo ni miye."

"Wewe?" mkewe akageuka kwa mara ya kwanza. "Wewe uigize?"

"Na wewe ukae kwenye kinu mwenyewe. Siyo yule binti nasikia anacheka ovyo."

Mzee Mahamudu akapiga goti lake kofi moja. Kwake shauri lilikuwa limekwisha. Mama atajikalia mwenyewe, na nani anajua kukaa kwenye kinu kile kumshinda? Mimi nikakubali, ningefanyaje? Nilimwuliza Ismaily kama basi sasa atarudi kulala ndani. Akanijibu kwamba atarudi akishamaliza kazi ya dereva.

Shakila alinuna mpaka nilipompa nafasi ya Mzungu. Nikamshonea kaptula ya kaki na kumpa kofia pana, akasahau kabisa kwamba aliwahi kutaka kuwa Biti Mchopa. Trekta letu lilikuwa toyo, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, tumeivalisha maboksi na kuyapaka rangi nyekundu.

Wakaja Nambambo kwa mazoezi. Biti Mchopa akakaa kwenye kinu. Hakufanya kitu chochote. Shakila alikuwa anakunja uso, anainua ngumi, anavimba. Huyu alikaa tu kama mtu aliyechoka baada ya kutwanga, anangoja jua lipungue. Ungekuwa na trekta ungezunguka.

Ismaily naye akapanda toyo. Nikamwambia, shemeji, wewe sasa ni babu Ildefonsi, endesha taratibu, shuka, sema maneno. Akaweka kofia nyuma mbele. Akaendesha akiyumba kama mlevi. Akashuka akajikuna makalio, akapenga kamasi, akamsogelea mkewe kwa hatua za fisi, akasema kwa sauti ya puani, "Mama weee, miye dereva, nimekupendaaa!" Watoto waliokuwa wanatazama walianguka chini kwa kucheka. Shakila kofia ilimtoka.

"Acha!" nikapiga kelele. Sikujijua nimefika katikati ya uwanja. "Huyo siyo babu yangu! Babu hakunywa! Babu alikuwa mtu wa adabu, alikuwa anavua kofia hata akimsalimia mtoto! Nani amekupa ruhusa ya kumfanya hivyo?"

Machozi yalinitoka, jambo ambalo sikulipenda. Biti Mchopa aliniangalia kutoka kwenye kinu, na hakukuwa na ukali machoni mwake.

"Ndivyo inavyouma," akasema.

Nilikaa chini kando ya kinu chake, naye akanipa ncha ya kanga yake nijifute. Baadaye nilimwomba Ismaily kwa ustaarabu, yeye na mimi tu, amcheze babu kama mtu. Akaniambia, "Siku yenyewe utaona, shemeji." Hilo ndilo jibu nililopata, na nilikwenda nalo Ruangwa.

Uwanja wa Ruangwa ulijaa siku ile. Walikuja hata watu ambao hawaendi kwenye jambo lolote, kwa sababu habari ilishaenea kwamba Biti Mchopa mwenyewe atakuwepo. Mzee Mahamudu aliwekwa viti vya mbele kwa kanzu nyeupe. Mimi nilisimama nyuma ya pazia, nimeshika karatasi ya maneno ambayo nilijua hakuna atakayeyafuata.

Shakila alifanya Uzungu wake vizuri sana. Aliamrisha pori ling'oke, aliamrisha jua lipungue, watu wakacheka wakapiga miluzi. Biti Mchopa akaingia na kinu kichwani, wanawake wakapiga vigelegele kabla hata hajakitua. Akakipindua, akakikalia.

Ikaingia toyo. Ismaily kofia nyuma mbele, anayumba. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikafumba macho. Nikasikia toyo inakaribia, inanguruma, inasimama. Kicheko kikaendelea kidogo, kisha kikapungua, kisha kikaisha. Nikafumbua macho.

Alikuwa ameshuka, amesimama mbele ya mkewe, na bado hajajikuna popote. Mkewe alikuwa anamwangalia. Si kwa mchezo. Alikuwa anamwangalia kama mwanamke aliyelala peke yake nyumba nzima kwa sababu ya maneno ya mnadani. Ismaily akamsogelea hatua moja. Akavua kofia.

"Miye sijui kusema," akasema. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ya chini, watu wa nyuma wakaanza kuulizana amesema nini. "Tangu nikuoe sijawahi kukuambia kitu. Nilijua unajua. Juzi nimesikia kuna mtu anakuambia, nikaona wivu. Si kwamba niliamini. Niliona wivu kwamba yeye ameweza na miye sijaweza."

"Dereva!" Shakila akapaza sauti, maana alikuwa amefikiwa na zamu yake na hakujua la kufanya. "Nimesema pita hapohapo!"

"Ngoja wewe," Ismaily akamwambia Mzungu bila kugeuka, na uwanja mzima ukalipuka. Alingoja kelele zitulie. Kisha akamwambia mkewe, "Waniletee trekta la kweli, waniletee amri kutoka popote, miye nazunguka. Leo nazunguka, na kesho nazunguka. Nakupenda. Ndiyo hayo tu."

Kwenye karatasi yangu hapo iliandikwa kwamba Biti Mchopa habanduki. Trekta linazunguka, dereva anakwenda zake, wimbo unaimbwa, mwisho. Ndivyo babu alivyonieleza, na ndivyo kila mtu anavyojua.

Biti Mchopa akasimama. Akajikung'uta nguo. Akakinyanyua kinu, akakitumbukiza nyuma ya toyo, maboksi mawili yakapasuka, naye akapanda akakaa kando yake.

"Haya," akasema, "twende nyumbani."

Ismaily aliwasha toyo akaizungusha uwanja mzima huku boksi jekundu moja linaburuzwa nyuma, akatokea upande wa barabara, na hawakurudi. Vigelegele sikuwahi kuvisikia vya namna ile hata kwenye harusi. Shakila alibaki peke yake katikati na kaptula yake, hana shamba wala dereva, akaona bora avue kofia ainame.

Msema chochote wa tamasha, mwalimu wa historia kwa kazi yake, akashika kipaza sauti akaanza kusema kwamba imependeza sana, ila kwa kuweka kumbukumbu sawa, kama tunavyojua, Biti Mchopa hakupanda trekta. Alikaa, na trekta likazunguka.

Mzee Mahamudu akanyanyuka kwenye viti vya mbele. Alikwenda polepole mpaka kwa mwalimu, akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti.

"Mwenye jina ni nani?" akauliza.

Watu wakaitikia, "Biti Mchopa!"

"Mmemwona?"

"Tumemwona!"

"Mimi ni mwanawe. Sikuwa nimezaliwa siku ile, lakini mwenye maneno yale ndiye yeye mwenyewe. Akisema alikaa, alikaa. Leo amepanda." Akamrudishia mwalimu kipaza sauti. "Basi alipanda. Andikeni."

Nyuma ya pazia nilikuwa nalia na kucheka, pua na macho pamoja, karatasi imeloa mkononi. Miaka yote ile babu Ildefonsi alinisimulia jinsi alivyozunguka, akaondoka peke yake na trekta tupu, na akafa akiamini hivyo. Masikini babu yangu, hakujua kwamba alikuwa na abiria.